Maharagi yanatobolewa ndani ya gunia, lakini mdudu alitoka shambani

Mukifungua gunia la maharagi miezi miwili kisha mavuno, munakuta unga chini na matundu ya mviringo kwenye punje. Wengi wanasema depo ni chafu. Pengine ni kweli, lakini kwa maharagi ya Masisi mdudu anaanza mapema zaidi.

Fukusi hawa ni wa aina mbili. Wa kwanza, Acanthoscelides obtectus, anavumilia baridi ya milima. Jike anataga kwenye ganda lililokauka shambani, kwa hiyo mwenye kuchelewa kuvuna anamupa nafasi. Wa pili, Zabrotes subfasciatus, anapenda joto, na anabandika mayai kwenye punje ndani ya depo. Kwenye digri 28 hivi, yai linafika kuwa fukusi kwa karibu mwezi mmoja. Baridi ya Masisi inamuchelewesha tu, haimuue. Ndiyo maana maharagi yaliyotulia kule juu yakishuka Walikale yanaharibika upesi.

Anayekula ni funza, ndani ya punje. Tundu ni mlango wa kutoka. Punje safi sokoni inaweza kuwa na mgeni tayari.

Kwa kumuogopa, mkulima anauza yote wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, halafu anarudi kununua mbegu bei ikipanda. Na mbegu iliyotobolewa mara nyingi haioti.

Dawa rahisi ni bidoni ya litre 20, na hata mtu anayekimbia vita anaweza kuibeba. Ioshe, ikauke kabisa. Maharagi nayo yakauke: ukiuma punje ikabaki alama ya meno, bado. Jaza mpaka juu, funga kabisa, usifungue kwa wiki kadhaa. Hewa inaisha, wadudu wanakufa.

Hauna kifuniko kizuri? Mwaka 1991 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kuvingirisha maharagi kila siku kunaua karibu wote wa aina ya kwanza, kwa sababu funza mchanga anahitaji kama siku nzima kutoboa punje, akijiegemeza kwa punje jirani. Hapo jaza nusu tu, vingirisha asubuhi na jioni. Kwa Zabrotes haisaidii sana, maana yai lake limebandikwa.

Vidonge vya gesi, tafadhali, musiweke kabisa nyumba munamolala. Gesi ile inaua watu pia, na watoto ndio wa kwanza.