Agizo Lililozuiwa Njiani

Ukiteremka kutoka Mbinga mjini, ukaiacha mikahawa na ngoro za Umatengo juu milimani, unafika Mbamba Bay, kwenye miamba iliyozama nusu majini. Asubuhi ziwa likiwa limetulia, chungulia kando ya mwamba. Utawaona mbuna: wa buluu, wa manjano, wenye milia, huyu pua imefunika mdomo, anakwangua mwani kwenye jiwe, yule anadaka vijidudu vinavyoelea.

Samaki wa ukoo huu, jamaa wa perege na sato, wanakadiriwa kuzidi spishi 800 katika Ziwa Nyasa. Lakini ukilinganisha vinasaba vya spishi mbili za humo, utakuta zinapishana kwa herufi moja hadi mbili na nusu tu katika kila 1,000. Kitabu ni karibu kilekile. Midomo tofauti imetoka wapi?

Sehemu ya jibu ni namna kitabu kinavyosomwa. Seli haitumii jeni zake zote kwa mpigo. Jeni inayohitajika hunakiliwa, na nakala hiyo, RNA mjumbe, hutoka kwenye kiini kwenda kutengenezewa protini. Kwa muda mrefu tuliamini kwamba agizo likishatoka limetoka.

Mwaka 1993, huko Marekani, Victor Ambros na wenzake walikuwa wakihangaika na mnyoo wa milimita 1. Jeni yake moja, lin-4, haikutoa protini yoyote. Ilitoa kipande cha RNA chenye herufi 22. Gary Ruvkun, katika maabara yake, alikuwa akichunguza jeni nyingine, lin-14. Walipolinganisha waliyonayo wakaona kipande kile kinaoana na mkia wa nakala ya lin-14: kinaing'ang'ania, na protini haitengenezwi. Wengi waliona ni vituko vya mnyoo tu, mpaka mwaka 2000 kilipopatikana cha pili, let-7, ambacho hata wewe msomaji unacho. Tuzo ya Nobel iliwafikia wawili hao mwaka 2024.

Vipande hivi ndivyo maikro-RNA. Kila kimoja hubebwa na protini iitwayo Agonauti. Herufi zake saba hivi za mwanzoni zikioana na mkia wa nakala, inatosha: nakala inazuiwa isisomwe, mara nyingi inaharibiwa kabisa. Kwa kuwa herufi saba ni chache, kipande kimoja kinaweza kuzikuta nakala za mamia ya jeni. Vitabu vingine huviita swichi, jina ambalo mimi naliona linapotosha. Swichi huzima. Hivi vinafanana zaidi na kile kigurudumu cha kushushia utambi wa chemli: moto upo, mwanga umepungua.

Utambi usiposhushwa ni hatari. Mwaka 2002 Carlo Croce na wenzake walionyesha kwamba wagonjwa wengi wa aina moja ya saratani ya damu wamepoteza maikro-RNA mbili, miR-15 na miR-16, au wamebaki nazo kidogo. Baadaye ikajulikana kwamba mbili hizo huibana protini inayoizuia seli kufa. Zikikosekana, seli ambayo siku zake zimekwisha inaendelea kuishi.

Turudi majini. Mwaka 2014 watafiti walichapisha vinasaba vya samaki watano wa ukoo huu barani Afrika. Mmoja ni mbuna wa Ziwa Nyasa. Mwingine ni wa Ziwa Viktoria, Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu. Katika viinitete vyao zilihesabiwa maikro-RNA 40 zilizochipuka upya ndani ya ukoo. Baadhi zilipochunguzwa, zilionekana katika tishu maalumu, na jeni zinazodhaniwa kulengwa nazo zikafanya kazi pembeni mwa tishu hizo. Hazielezi kila mdomo, kwani zipo pia jeni zilizojirudufu na mengine mengi, lakini kitabu kilekile kimepata njia mpya za kusomwa.

Pwani ya Mbamba Bay ina malaria pia. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyefanya utafiti Afrika Mashariki, alionyesha kwamba mwenye jeni moja ya selimundu ana kinga fulani dhidi yake. Kwa nini? Sababu ni kadhaa, na moja ilijitokeza mwaka 2012 katika Chuo Kikuu cha Duke. Kimelea cha malaria hakina maikro-RNA zake. Kikiingia kwenye chembe nyekundu ya damu yenye selimundu kinakuta miR-451 kwa wingi, nayo inapenya hadi ndani ya kimelea, inajiunga na nakala zake, na baadhi ya protini zake hazitengenezwi. Chembe hiyo haina hata kiini. Haiwezi tena kuandika agizo lolote jipya. Vipande ilivyobaki navyo ndivyo vinavyoyazuia maagizo ya mgeni.