Mzigo Mzito kwa Springi Laini

Kila mwaka katika klabu yetu hakosekani mwanachama mwenye ndoto ileile: kuondoka London kwa pikipiki, kuvuka Ulaya, kuteremka na bonde la Nile, na kuzima injini Mombasa au Dar es Salaam. Akishaitamka, mazungumzo hugeukia ukubwa wa injini, aina ya matairi, hema na viza. Ni nadra mtu kuuliza habari za shokapu, ingawa ndizo zitakazobeba mwenye ndoto, abiria wake na masanduku yao katika kila kilomita ya njia hiyo.

Safari hii tumeamua kuziandikia. Tunataka kueleza kazi yake, tulikotoka nazo, na mambo ya kufanya kabla mtu hajatoa mamia ya pauni kununua nyingine. Hoja yetu ni moja: kuboresha shokapu za pikipiki ya safari huanza na kujua uzito. Kununua huja baadaye, na wakati mwingine hakuhitajiki kabisa. Anayelipuuza hilo hapotezi fedha tu. Pikipiki iliyolemewa nyuma huwa nyepesi mbele, huchelewa kukubali kona, na taa yake hupanda na kuwapiga machoni wanaokuja upande wa pili.

Tuanze na maneno, maana sisi ni klabu ya Kiswahili. Fundi wa Tanzania akisema shokapu, anakusudia kile kifaa kizima kilichopo kati ya gurudumu na fremu. Wengine husema shokomzoba. Ndani ya kifaa hicho mna vitu viwili vyenye kazi tofauti. Cha kwanza ni springi, waya mnene wa chuma uliosokotwa, ndugu wa ile kamani ya saa za zamani. Cha pili ni mtungi wa mafuta wenye pistoni iliyotobolewa matundu madogo. Springi hubeba uzito. Mafuta, yanapolazimishwa kupenya kwenye matundu yale, hupunguza kasi ya springi kubonyea na kurudi. Bila springi pikipiki ingekaa chini. Bila mafuta ingerukaruka kama mpira baada ya kila tuta. Anayezichanganya kazi hizi mbili hutibu ugonjwa usio wake.

Kutoka London kwenda kusini

Mji huu una historia ndefu ya watu walioelekea Afrika kwa pikipiki, na ukiwafuata hao unaifuata pia historia ya shokapu.

Tarehe 11 Desemba 1934, wanawake wawili, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki ya Panther ya CC 600 iliyofungwa kigari cha pembeni na kukokota tela nyuma. Wallach alikuwa amesomea uhandisi hapa hapa, katika taasisi ya Northampton mtaa wa Clerkenwell, ambayo baadaye ilikuwa City University. Walivuka Sahara, wakapita Afrika ya kati na ya mashariki, wakaingia Cape Town tarehe 29 Julai 1935. Panther ile haikuwa na shokapu ya nyuma hata moja. Ekseli ya gurudumu la nyuma ilifungwa moja kwa moja kwenye fremu, na springi pekee upande huo zilikuwa za kiti. Mbele kulikuwa na uma wa vyuma ulioning'inia kwenye springi. Kila jiwe la Sahara lililogongwa na gurudumu la nyuma liligonga pia fremu, kigari na tela.

Mwaka huohuo wa 1935, wakati wao wako njiani, BMW ilianza kuuza pikipiki ya R12 yenye uma wa mbele wa aina mpya: mabomba mawili yanayoingiliana, yenye springi na mafuta ndani. Ndiyo zile shokapu za mbele tunazoziona leo kwenye karibu kila bodaboda. Upande wa nyuma ulichukua muda zaidi. Katika miaka ya 1950 ndipo pikipiki za Uingereza zilipozoea mkono wa chuma unaobembea, unaoshika gurudumu la nyuma na kuegemea shokapu mbili, moja kila upande.

Kwa hiyo Ted Simon alipoondoka London Oktoba 1973 kwa Triumph Tiger 100 ya CC 500, alikuwa na springi na mafuta mbele na nyuma. Safari yake ilidumu miaka minne, ikapita nchi 45, Kenya na Tanzania zikiwemo. Mwaka 2007 Ewan McGregor na Charley Boorman waliteremka kutoka John o' Groats huko Scotland hadi Cape Town, wakipita Ethiopia, Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania. BMW zao za R1200GS Adventure zilikuwa na shokapu moja mbele na moja nyuma, na mfumo wa mikono ya chuma ambao Wallach angeutazama kwa wivu wa kihandisi.

Katika miaka hiyo 73 vyuma vilibadilika sana, lakini swali lilibaki lilelile: uzito kiasi gani, juu ya springi ya ugumu gani, kwenye barabara ya namna gani?

Barabara inayopika mafuta

Kaskazini mwa Kenya, kati ya Moyale na Isiolo, kuna kipande cha takriban kilomita 500 ambacho zamani wasafiri wa pikipiki walikitaja kwa hofu. Leo kina lami. Kabla ya hapo kilikuwa cha changarawe yenye vijituta vidogo vinavyofuatana kama ubao wa kufulia nguo, saa baada ya saa.

Kwa nini vijituta vidogo vinaua shokapu kuliko shimo moja kubwa? Kwa sababu ya joto. Kila pistoni inapopita kwenye mafuta, nguvu ya mtikiso hugeuka kuwa joto. Tuta moja si kitu, lakini maelfu ya matuta bila kupumzika huyachemsha mafuta. Mafuta yakipata moto huwa mepesi, hupenya matundu kwa urahisi, na shokapu hupoteza nguvu ya kuizuia springi. Tena ndani kukiwa na hewa iliyochanganyika na mafuta, hutokea povu, na pistoni haiwezi kupata ushikio wowote kwenye povu. Ndiyo maana shokapu bora huwa na chumba cha gesi ya naitrojeni, kilichotengwa na mafuta, kinachoyakandamiza ili yasitoe povu. Nyingine huwa na mtungi wa ziada pembeni, ili mafuta yawe mengi na yapoe upesi.

Hapo ndipo fedha zinaponunua kitu cha kweli. Shokapu ya kiwandani iliyofungwa kwa rivet na kuzibwa kabisa, haifunguliki. Ikichoka, imekwenda. Ile iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi ngumu hufunguliwa, hubadilishwa mafuta na sili, na kurudi barabarani. Kwa mtu anayekwenda mbali, kutengenezeka ni sifa kubwa kuliko rangi ya dhahabu na jina la mashindano.

Somo kutoka kijiweni

Wanaoijua shida ya mzigo kuliko sisi sote ni madereva wa bodaboda. Pikipiki kama Bajaj Boxer ilibuniwa kwa dereva, abiria na furushi. Kijiweni hupakiwa mitungi ya gesi, kreti za soda, magunia ya mkaa, na, sheria ikiwa imelala, mishikaki: watu watatu au wanne kwenye kiti kimoja. Wahenga walisema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Siku hizi hupewa Boxer.

Dawa ya kawaida ni kufunga springi ngumu zaidi nyuma. Inasaidia, lakini ina deni lake. Springi ngumu ikibonyezwa hurudi kwa nguvu zaidi, na kama mafuta na matundu ni yaleyale ya zamani, hayawezi kuizuia. Pikipiki hubeba mzigo vizuri, kisha hurusha mkia kwenye kila tuta. Mzigo ukishashushwa, dereva akabaki peke yake, nyuma husimama juu na kuwa kama jiwe, na tairi hurukaruka badala ya kushika barabara wakati wa breki.

Msafiri wa London ana tatizo hilohilo, ingawa pikipiki yake ina bei ya Boxer kadhaa. Jumatatu anakwenda chuoni peke yake, Jumamosi ana abiria na masanduku matatu. Hakuna springi moja inayofaa siku zote mbili bila kurekebishwa. Ndiyo sababu kitasa cha kukaza springi kwa mkono, bila kutafuta spana, ni moja ya maboresho yenye faida zaidi kwa pikipiki ya safari.

Pima kwanza

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Inahitaji watu watatu, futi ya kupimia, kipande cha utepe na dakika ishirini. Haigharimu hata peni moja.

Kwanza, inua pikipiki hadi gurudumu la nyuma lining'inie. Bandika utepe kwenye fremu juu ya ekseli, kisha pima kutoka ekseli hadi kwenye utepe. Tuseme ni milimita 600. Pili, ishushe ikae kwenye magurudumu yake bila mtu wala mzigo, mmoja akiishika isimame wima, upime tena. Tatu, panda wewe na abiria wako, mkiwa na nguo za safari na masanduku yaliyojaa, na mwenzenu apime mara ya mwisho.

Tofauti kati ya kipimo cha kwanza na cha tatu tutaiita mbonyeo. Kwa pikipiki ya safari, mbonyeo wenye mzigo wote unatakiwa kuwa karibu theluthi ya urefu ambao gurudumu linaweza kusogea. Kama gurudumu linasogea milimita 170, theluthi ni kama 57. Ukipata kipimo cha tatu 525, mbonyeo ni 75: nyuma imezama mno. Kaza nati ya springi hadi ufike karibu na 57.

Watu wengi huishia hapo, lakini kuna hatua moja imebaki. Rudia kipimo cha pili, pikipiki ikiwa tupu. Inatakiwa ibonyee kidogo kwa uzito wake yenyewe, kiasi cha milimita 10 hadi 20. Kama haibonyei kabisa, springi ni laini mno kwa mzigo wako, nawe umeificha dosari hiyo kwa kukaza nati. Kukaza nati hakuiongezei springi ugumu. Springi inayohitaji kiasi fulani cha nguvu ili ibonyee milimita moja itahitaji kiasi hichohicho baada ya kukazwa. Kilichobadilika ni kimo cha pikipiki tu. Hapo, na hapo tu, ndipo unaponunua springi nyingine, ukimtajia muuzaji uzito wako, wa abiria na wa mizigo, kwa kilo.

Baada ya springi, nenda kwenye mafuta. Bonyeza mkia wa pikipiki kwa nguvu, kisha achia. Ukirudi juu mara moja na kutulia, sawa. Ukiendelea kunesa, mafuta yamechoka au kizuizi kimelegea. Ukirudi polepole kama mgonjwa anayeinuka kitandani, kizuizi kimekazwa mno, na kwenye matuta yanayofuatana shokapu haitapata nafasi ya kujikunjua kabla ya pigo jingine. Mbele pia kusisahaulike: mafuta ya shokapu za mbele huzeeka, na kuyabadilisha ni kazi ya gharama ndogo yenye matokeo makubwa.

Kwa walio London

Wakazi wa hapa wana bahati. Hagon, kampuni iliyoanzishwa na mwanamashindano Alf Hagon, hutengeneza shokapu huko Hainault, kaskazini mashariki mwa jiji, na mtu huweza kuagiza springi inayolingana na uzito wake. Öhlins ya Sweden, iliyoanzishwa mwaka 1976, ina bidhaa za hali ya juu kwa wenye mfuko mnene. Kumbukeni mambo mawili ya kisheria. Mabadiliko ya shokapu huarifiwa kampuni ya bima. Ukinyamaza, inaweza kukataa kukulipa siku ya ajali. Na katika ukaguzi wa kila mwaka wa MOT, shokapu inayovuja mafuta huiangusha pikipiki.

Hakuna haja ya kusubiri safari ya Mombasa ndipo mtu apime. Matuta ya mitaa yetu ya maili 20 kwa saa na mashimo baada ya majira ya baridi ni mtihani wa kutosha. Mwenye pikipiki na atafute wenzake wawili na futi, apime Jumamosi hii akiwa na mzigo wake wote. Namba tatu atakazoandika kwenye karatasi zitamfaa dukani kuliko tangazo lolote, na zitamfaa zaidi abiria wake, ambaye hana usukani wala breki, ana imani tu.