Programu moja, mashine tofauti: kinachogomesha hesabu za wafanyabiashara mpakani

ARUA, Uganda – Mfanyabiashara anayetoka Arua kupitia Vurra kwenda soko la Ariwara nchini Kongo, au anayepeleka mzigo kutoka Koboko kupitia Oraba hadi Kaya nchini Sudan Kusini, hupiga hesabu kwa shilingi, faranga, pauni na dola, wakati mwingine kwa siku moja. Hesabu hizo zilizoea kukaa kwenye daftari. Siku hizi nyingi zimehamia kwenye simu.

Hapo ndipo usumbufu mpya unapoanza. Programu inayofunguka vizuri kwenye simu ya mume hugoma kwenye simu ya mke. Iliyofanya kazi kwenye kompyuta ya wakala wa forodha hujifunga ghafla ikihamishiwa kwenye mashine nyingine. Wengi hulaumu mtandao au husema simu ni feki. Mara nyingine kosa halipo huko, bali katika namna programu inavyoomba nafasi kwenye kumbukumbu ya mashine.

Mafungu yasiyokatwa

Kumbukumbu ya simu ni kama safu ndefu ya vyumba vidogo, na kila chumba kina namba yake. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, haisomi chumba kimoja kimoja. Husoma kwa mafungu: vyumba vinane, kumi na sita, au hata sitini na vinne kwa mkupuo. Taarifa ikianzia mwanzo wa fungu, husomwa mara moja. Ikianzia katikati, huangukia mafungu mawili na prosesa hulazimika kwenda safari mbili. Zipo pia amri za prosesa zisizokubali kabisa taarifa iliyokaa upogo, na programu hufa papo hapo.

Kwa hiyo mtengenezaji makini huomba nafasi inayoanzia kwenye namba inayogawanyika kwa 16 au 64. Shida ni kwamba kila mfumo wa uendeshaji una mlango wake wa kuombea nafasi hiyo. Linux na Android zina amri ya posix_memalign. Windows ina yake, _aligned_malloc.

Kurudisha nafasi nako kuna masharti. Anayeuza soda analijua jambo hili: kreti ya chupa tupu hurudishwa kwa kampuni iliyoitoa. Nafasi iliyoombwa kwa amri ile ya Windows hurudishwa kwa amri mwenzake, _aligned_free. Ikirudishwa kwa amri ya kawaida, kumbukumbu huvurugika na programu huweza kuanguka, pengine dakika kadhaa baadaye, mteja akiwa ameshasimama mbele yako anasubiri risiti.

Mwaka 2011 kanuni rasmi za lugha ya C ziliweka amri moja ya pamoja, aligned_alloc, lakini Microsoft haikuiingiza kwenye Windows.

Ujanja wa kuomba zaidi

Kuna njia inayofanya kazi kwenye mifumo yote. Tuseme programu inahitaji vyumba 1,000 vinavyoanzia kwenye namba inayogawanyika kwa 64. Huomba 1,071: yaani 1,000, pamoja na 63 za kusogea, na 8 za kuandikia kumbukumbu ya mwanzo. Mashine ikitoa nafasi kuanzia namba 5,008, programu huruka zile 8, kisha husogea hadi 5,056, ambayo ni 64 mara 79. Katika vyumba vinane vilivyo kabla ya hapo huandika “5,008”, ili wakati wa kurudisha ijue pa kurudisha. Vyumba vichache hupotea, lakini programu ile ile hufanya kazi kila mahali.

Mabadiliko ya Google

Jambo hili limepata uzito mpya. Kwa miaka mingi simu za Android zimegawa kumbukumbu kwa kurasa za baiti 4,096. Android 15, iliyotoka mwaka 2024, inaruhusu pia kurasa za baiti 16,384. Tangu Novemba 1, 2025, Google inataka programu mpya na maboresho yanayolenga Android 15 au zaidi yakubali kurasa hizo kubwa ndipo yaingie kwenye duka lake la Play. Programu yenye vipande vya lugha ya C vilivyopangwa kwa kipimo cha zamani huweza kugoma kwenye simu za kipimo kipya. Iliyoandikwa kwa Java au Kotlin pekee kwa kawaida haina hofu hiyo.

Forodha zenyewe zilichagua njia ya Java. ASYCUDA World, mfumo wa UNCTAD unaotumika Uganda na ambao Kongo inauita Sydonia, umeandikwa kwa lugha hiyo. Kazi ya kupanga kumbukumbu huachiwa mashine ya Java, ambayo hutengenezwa kwa kila mfumo wa uendeshaji.

Muulize fundi

Anayelipa kijana amtengenezee programu ya duka ana haki ya kuuliza kabla ya kutoa fedha. Je, imejaribiwa kwenye Windows na kwenye Android? Imejaribiwa kwenye simu ya kurasa za baiti 16,384? Nafasi ya kumbukumbu inarudishwa kwa amri inayolingana na ile iliyoiomba? Hesabu zinaweza kutolewa nje na kufunguliwa kwenye mashine nyingine?

Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022. Utaratibu rahisi wa Jumuiya kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 unamsaidia mfanyabiashara mdogo, lakini bado anatakiwa kujua amebeba nini na kwa thamani gani. Mpaka programu yako ijibu maswali hayo, chapisha hesabu za siku au ziandike kwenye daftari kabla ya kufika Vurra au Oraba. Afisa wa forodha hawezi kukagua hesabu zilizobaki ndani ya simu iliyogoma.