Kugeuka Chini ya Lenana

Kugeuka kabla ya kilele ni kuacha kupanda wakati lengo bado linaonekana kwa macho. Kwenye Mlima Kenya uamuzi huo huwafika watu wa aina mbili. Wachache ni wakwea miamba wanaoitaka Batian, mita 5,199, au Nelion, mita 5,188, vilele visivyofikika bila kamba na ujuzi. Walio wengi ni watembeaji wanaoitaka Lenana, mita 4,985, ambayo hufikika kwa miguu. Majina hayo matatu ni ya malaibon, yaani viongozi wa kiroho, wa Kimaasai, na aliyeyabandika mlimani ni Mwingereza Halford Mackinder, aliyesimama juu ya Batian tarehe 13 Septemba 1899 pamoja na waongozaji wake César Ollier na Joseph Brocherel. Katika wiki mbili zilizotangulia, majaribio mawili ya msafara huo yalikuwa yameshindikana na watu wake wakateremka.

Mkazi wa Nyeri, Karatina au Nanyuki huuona mlima alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika. Lengo linalomtazama mtu kila anapofungua mlango huzoeleka hata likaonekana jepesi, na ukaribu huo hudanganya. Mji wa Nyeri uko kwenye takriban mita 1,750. Kati ya hapo na Lenana kuna zaidi ya mita 3,200 za kupanda, na mwili unaoishi Nyeri haujui lolote kuhusu hewa ya huko juu.

Hewa ya Lenana ina sehemu ile ile ya oksijeni kama hewa ya Mombasa, asilimia 21 hivi. Kinachopungua ni kanieneo: karibu na mita 5,000 huwa imebaki zaidi kidogo tu ya nusu ya ile ya pwani, kwa hiyo kila pumzi huingiza oksijeni nusu. Mwili hujirekebisha kwa kupumua haraka na, baadaye, kwa kuongeza chembe nyekundu za damu, lakini kazi hiyo huchukua siku kadhaa au hata wiki na haiharakishwi na ujana wala mazoezi. Kijana mwenye misuli ya mpira wa miguu huugua kama mwingine yeyote, na pengine hutangulia kuugua, kwa kuwa miguu yake humfikisha juu kabla mapafu hayajawa tayari.

Madaktari wa milimani hushauri kwamba, ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne pawe na siku ya kupumzika. Ratiba ya kawaida ya njia ya Naro Moru haikaribii kanuni hiyo. Msafiri hufika kwa gari au kwa miguu hadi kambi ya Met Station, mita 3,050, analala hapo, na kesho yake anavuka kinamasi cha mteremkoni na kupanda Bonde la Teleki hadi kambi ya Mackinder, mita 4,200. Hizo ni mita 1,150 kwa siku moja. Njia ya Sirimon, upande wa Nanyuki, hutoka kambi ya Old Moses, mita 3,300, hadi kambi ya Shipton, mita 4,200, nayo ni mita 900. Wengi hupita salama, lakini wengi pia huugua. Kosa linalomgeuza mtu karibu na Lenana mara nyingi lilifanyika wiki nzima nyuma, mezani, alipokuwa akihesabu siku za likizo na ada za mbuga. Siku moja zaidi, kwa mfano kulala katikati ya njia au kukaa siku ya pili Mackinder, huokoa safari nyingi kuliko ushujaa wowote wa usiku wa mwisho.

Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu usiolingana na kazi, kizunguzungu na kukosa usingizi. Zikiwa nyepesi, mtu hubaki pale alipo mpaka ziishe. Hapandi. Zikizidi akiwa amepumzika, huteremka. Dalili mbili nyingine hazingoji asubuhi. Ya kwanza ni kuyumba: mgonjwa akiambiwa atembee katika mstari mnyoofu, kisigino kikigusa vidole, hawezi, na huenda ameanza kujibu maswali ovyo. Hapo ubongo umeanza kuvimba. Ya pili ni kuhema hata akiwa ameketi, pamoja na kikohozi ambacho baadaye huleta povu lenye rangi ya waridi. Hapo mapafu yanajaa maji, na hali hiyo hutokea zaidi usiku wa pili hadi wa nne baada ya kupanda. Tiba ya zote mbili ni kushuka mara moja, mita 500 hadi 1,000 au zaidi, mgonjwa akiwa na mtu wa kumsindikiza. Oksijeni na dawa husaidia wakati wa kuteremka, wala hazichukui nafasi ya kuteremka. Kutoka Mackinder hadi Met Station ni mwendo wa saa chache, na saa hizo zinaweza kuwa tofauti ya uhai na kifo.

Ugumu ni kwamba anayetakiwa kuamua ni yule yule ambaye ubongo wake unakosa hewa. Saa kumi usiku, kwenye changarawe inayoteleza kuelekea kibanda cha Austrian Hut chini ya Lenana, kwa baridi ya chini ya sifuri, mgonjwa husema yuko sawa naye anaamini hivyo kwa dhati. Juu ya hilo kuna mzigo wa yaliyokwisha kutumika. Mwaka 1985, watafiti Hal Arkes na Catherine Blumer waliwauliza watu kuhusu safari mbili za kuteleza thelujini zilizogongana tarehe, moja ya dola 100 na nyingine ya dola 50, huku ile ya bei nafuu ikiwa ndiyo iliyotarajiwa kufurahisha zaidi. Zaidi ya nusu walichagua ile ya dola 100. Fedha zisizoweza kurudi ziliwavuta kuelekea furaha ndogo. Mlimani kinachovuta ni zaidi ya fedha: mwaka wa mazoezi, ruhusa ya kazini, na jamaa walioambiwa wasubiri picha.

Kwa sababu hiyo uamuzi mzuri hufanywa bondeni, kichwa kikiwa kizima, na hutamkwa mbele ya mwenzi wa safari au mwongozaji. Huwa na saa na dalili ndani yake: ikifika saa mbili asubuhi kilele hakijafikiwa, kundi linageuka, mmoja akianza kuyumba, anashuka, na mwongozaji ndiye mwenye neno la mwisho. Mwongozaji wa Naro Moru au Chogoria aliyemsindikiza mtu siku tatu anajua mwendo wake wa kawaida, hivyo huona mabadiliko kabla mwenyewe hajayakiri. Kumbishia ni kutupa kitu cha thamani zaidi kilicholipiwa katika safari nzima. Saa nayo ina sababu yake: mlima huu kwa kawaida huwa wazi alfajiri na kufungwa na mawingu kabla ya mchana. Everest ilionyesha gharama ya kuipuuza saa. Tarehe 10 Mei 1996 wapandaji kadhaa walifika kileleni baada ya saa nane mchana, dhoruba ikawakuta wakishuka, na watu 8 wakafa. Siku chache kabla, mpandaji Göran Kropp, aliyetoka Sweden kwa baiskeli, alikuwa ameachia kilele kikiwa kimebaki takriban mita 100 kwa sababu saa ilikuwa imepita. Alifika juu tarehe 23 mwezi huo huo.

Si kila lengo hurudi kwa sura yake ya kwanza. Mwezi Januari 1943, Waitaliano watatu waliokuwa mateka wa vita kambini Nanyuki, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka ili wapande Batian, wakiwa na vyuma vya barafu vilivyofuliwa kambini. Barsotti alikuwa mgonjwa akabaki kambi ya chini. Wawili waliosalia walishindwa na miamba na hali ya hewa ya Batian, wakageuka. Chakula kilikuwa kikiisha. Badala ya kujaribu tena walipanda Lenana, wakaacha bendera yao, kisha wakateremka na kujirudisha kambini, ambako walipewa adhabu ya siku 28 wakatumikia 7. Hatua yao ya pili, kushika lengo jingine lililo ndani ya uwezo, inalingana na matokeo ya utafiti wa Carsten Wrosch na wenzake wa mwaka 2003: walio wepesi kuachana na lengo lisilofikika huwa na hali njema zaidi, na kuanza lengo jipya huwasaidia pia.

Baada ya kushuka, maumivu ya kichwa ya mwinuko kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili. Aliyewahi kujaa maji mapafuni yuko katika hatari kubwa zaidi ya kurudiwa, kwa hiyo huonana na daktari kabla ya kupanga safari nyingine na huongeza siku njiani. Wapo wanaochagua kuzunguka mlima chini ya vilele, au kushinda kwenye Ziwa Ellis upande wa Chogoria. Ng'ambo ya pili ya Nyeri, katika safu ya Aberdare, Oldonyo Lesatima yenye takriban mita 4,000 hupandwa na kuteremkwa kwa siku moja, na siku ikiwa safi Batian na Nelion huonekana kutoka juu yake.