Haja, Choo na Kuku

Mgonjwa anayekwenda kupimwa Pongwe, pembeni mwa jiji la Tanga, huweza kupewa vikopo viwili: cha mkojo na cha choo. Mkojo unatajwa waziwazi. Mavi yameazimwa jina la mahali yanapoachwa. Wapo wanaolilaumu "haja", neno la Kiarabu lenye maana ya hitaji, kwamba ndilo lililotufundisha kuona haya. Sikubaliani nao. Haja ina ndogo na kubwa, lakini ndogo haikuufukuza mkojo. Tena mavi ya kuku hayamkeri mtu, na masalia ya chuma kilichoyeyushwa huitwa mavi ya chuma. Wazee nao husema bila kupepesa: kunya anye kuku, akinya bata kaharisha. Kinachositiriwa ni binadamu, neno halina kosa.