Mpigaji Akitolewa Hageuki

Mechi ya kriketi ikichezwa pale Gymkhana, Kivukoni, mpita njia anayekatiza kutoka Posta kwenda Upanga anaweza kusimama robo saa nzima asijue nani anaongoza. Hakuna vuvuzela, hakuna anayemzonga mwamuzi. Lakini mwangalie mpigaji aliyetolewa. Kidole cha mwamuzi kimekwenda juu, basi. Anavua glavu, moja baada ya nyingine, anakwapa gongo lake na kuanza safari ndefu ya kwenda benchi huku wapinzani nyuma yake wakipongezana. Katikati ya njia anapishana na mwenzake anayeingia. Wananong'onezana neno, mara nyingi kuhusu mpira unavyodunda siku hiyo, na kila mmoja anashika njia yake. Hageuki nyuma. Kwenye mechi za kimataifa, kugeuka na kubishana kunaweza kumfanya mtu akatwe fedha yake ya mechi.

Wapo wanaousifu utulivu huo kama malezi mema, au mabaki ya adabu za Kiingereza. Sikubaliani nao. Kwa mchezaji wa kriketi utulivu ni nyenzo ya kazi. Mshambuliaji wa soka akipaisha penalti dakika ya tatu, bado ana dakika themanini na saba za kufuta aibu. Mpigaji wa kriketi akikosea mpira mmoja tu, zamu yake inaweza kuwa imekwisha. Na kwa timu kama ya Tanzania, ambayo mashindano yake makubwa kwa mwaka ni ya kuhesabu, huenda nafasi ya mwaka mzima ndiyo ikawa imetoka hivyo. Mtu anayeendelea kuukasirikia mpira uliopita hawezi kuuona vizuri unaokuja.

Ng'ambo ya Mnazi Mmoja, mitaa ya Msimbazi na Jangwani, tumezoea mambo mengine. Simba na Yanga wana wasemaji wanaojulikana kuliko nusu ya wachezaji, na wiki ya dabi ya Kariakoo mdomo hufunga mabao mengi kuliko miguu. Utani wa jadi ni raha yetu na sitaki ufe. Ila kijana wa Dar es Salaam aliyekulia katika kelele hizo, akija kushika gongo la kriketi, ana mengi ya kujifunza upya.

Mwalimu wake yupo karibu, Kampala. Frank Nsubuga alizaliwa Agosti 1980, na mwaka 1997, akiwa kijana wa miaka 16, alikwenda Malaysia na timu ya pamoja ya Afrika Mashariki na Kati kwenye mashindano ya Baraza la Kimataifa la Kriketi (ICC). Baada ya hapo aliichezea Uganda miaka nenda rudi, mbele ya watazamaji ambao siku nyingine ungeweza kuwahesabu kwa vidole, akirusha mpira wake wa taratibu wa kuzungusha. Wenzake wa rika wakastaafu. Tarehe 5 Juni 2024, huko Guyana, Uganda ikicheza Kombe la Dunia la mizunguko 20 kwa mara yake ya kwanza, Nsubuga akakabidhiwa mpira dhidi ya Papua New Guinea. Alikuwa na miaka 43. Akarusha mizunguko minne, mipira 24, akatoa mikimbio 4 tu na kuchukua wiketi 2. Mpaka siku hiyo hakuna aliyekuwa amewahi kuwa bahili kiasi hicho katika mizunguko minne ya Kombe hilo. Papua New Guinea wakaishia 77, na Uganda, baada ya kupoteza wiketi za mapema na kuwatia watu presha, ikazipita kwa kusuasua ikiwa na wiketi tatu mkononi.

Hata mipira yenyewe haikuwa na maajabu. Hakuongeza kasi wala hakubuni mtindo mpya kwa ajili ya kamera. Alirusha palepale alipozoea kurusha, na wapigaji wakajichanganya wenyewe kwa kutaka makubwa. Anayetaka kuonekana asingeweza kufanya kazi ya namna hiyo.

Siku tatu baadaye, West Indies wakawatoa Waganda wote kwa mikimbio 39, sawa na rekodi ya chini kabisa ya Kombe hilo. Timu ileile iliyokuwa ikishangiliwa mpaka Kampala.

Najua nitaambiwa: vipi Virat Kohli? Mhindi huyo hupiga kelele, hukunja ngumi, huwatolea macho wapinzani, na ni miongoni mwa wapigaji wakubwa wa zama hizi. Ni kweli. Lakini mtazame pale mrushaji anapoanza kukimbia kumjia. Kichwa kimetulia, macho hayapepesi, na kelele zote kaziacha nyuma. Wengi wa wanaomuiga huiga ngumi.

Dar es Salaam yenyewe imewahi kuona namna dharau isivyo na faida. Oktoba 2008 jiji hili lilipokea mashindano ya Daraja la Nne la Ligi ya Kriketi ya Dunia, timu sita zikicheza kwenye viwanja kama Annadil Burhani na Leaders Club. Miongoni mwao walikuwa Waafghanistan, ambao ilikuwa rahisi kuwadharau: wengi wao waliujua mchezo huu wakiwa wakimbizi Pakistan. Tanzania ilimaliza ya nne, na wageni wale wakachukua kombe. Mwaka 2017 Afghanistan ilipewa hadhi ya kucheza mechi za Test, ngazi ya juu kabisa ya mchezo huu, na 2024 ikafika nusu fainali ya Kombe lilelile la Dunia la mizunguko 20, ikiwa bado na Mohammad Nabi, mmoja wa waliotoka jasho hapa Dar.

Kushinda nako kuna mtihani wake, na pengine ndio mgumu zaidi. Juni 2019, mjini Kigali, kwenye mashindano ya Kwibuka, wanawake wa Tanzania walikutana na Mali, wageni kabisa wa mechi za kimataifa. Fatuma Kibasu akapiga mikimbio 108 bila kutolewa, Tanzania ikafikisha 285 kwa kupoteza wiketi moja, na Mali wakatolewa wote kwa 17. Wapo walioona ni uonevu, kwamba wasichana wetu wangepunguza kasi. Mimi naona kumwachia mpinzani kwa huruma ndiyo dharau yenyewe, maana unamwambia hastahili mchezo wako kamili. Na tangu Julai 2018 mechi hizo za wanawake huhesabiwa rasmi kama za kimataifa, kwa hiyo kila mkimbio unabaki kwenye kumbukumbu za Kibasu. Unyenyekevu unaanza baada ya mpira wa mwisho: kupeana mikono kwa dhati, na kutozifanya zile 108 kuwa kipimo cha siku utakapokutana na Zimbabwe.

Kinachonipa wasiwasi ni kwamba mpaka sasa unyenyekevu wa wachezaji wetu haujapimwa sawasawa. Asiyejulikana hana cha kuringia. Wengi wao wana shughuli nyingine za kuwapa mkate, na wanashuka daladala bila mtu kuwageukia. Umaarufu na fedha huja na watu wake. Maurice Odumbe wa Kenya, nahodha aliyeiangusha West Indies mjini Pune mwaka 1996, alifungiwa miaka mitano mwaka 2004 kwa fedha alizopokea kutoka kwa mtu wa kamari. Kipaji kilikuwepo, na tena kingi.

Mwaka 2025, huko Lagos, vijana wa Tanzania wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia la umri huo kwa mara ya kwanza, fainali zikipangwa Zimbabwe na Namibia mwanzoni mwa 2026. Hao ndio watakaozoea kamera, mawakala na simu za watu wasiowajua mapema kuliko kaka zao wote. Ningekuwa kocha wao ningewakalisha waangalie mechi mbili za Uganda za mwaka 2024, na ningeanza na ile ya mikimbio 39.