Rangi ya Moshi na Afya ya Lori Kuukuu Lubumbashi

Shaba na kobalti za Katanga huelekea mpaka wa Kasumbalesa kwa malori ya makampuni yenye uwezo, ilhali makala, mahindi na matofali yanayouzwa mjini Lubumbashi hubebwa mara nyingi na malori makuukuu, ambayo mwenyewe, akikosa fedha za injini nyingine, hana budi kuinusuru ile aliyo nayo. Mfano wa injini za kizazi hicho ni OM 352 ya Mercedes-Benz, yenye silinda 6 na ujazo wa lita zipatazo 5.7, iliyoanza kutumika miaka ya 1960: haina kompyuta, kwa hiyo maradhi yake husomwa kwa macho, masikio na mikono.

Dalili ya kwanza ni moshi. Ukiwa mweusi, mazuti, yaani dizeli, ni mengi mno kwa hewa iliyopo, ama kwa sababu chujio la hewa limeziba, ama kwa sababu nozeli, kifaa kinachopulizia mazuti ndani ya silinda, inadondosha matone. Hata hivyo, katika mji ulio kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, ambako hewa ni nyepesi, moshi kidogo wa namna hiyo lori linapopanda mlima na mzigo si wa kutisha. Moshi wa buluu ni wa oili inayoungua. Mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto huweza kuwa mvuke wa maji, na oili ikionekana kama maziwa, basi gasketi imeungua au kichwa cha silinda, ambacho mafundi hukiita kulasi kwa kufuata Kifaransa, kimepasuka.

Kabla ya kufungua kulasi lipo jaribio lisilogharimu hata faranga moja. Injini ikiwa inanguruma polepole, fundi hulegeza nati ya bomba la mazuti la silinda moja, akiweka mkono mbali kwa kuwa mazuti yenye shinikizo hutoboa ngozi, kisha huikaza na kuhamia silinda inayofuata. Mngurumo ukishuka, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Usipobadilika, mgonjwa amepatikana. Hapo nozeli yake hubadilishwa nafasi na ya jirani: ugonjwa ukihama nayo, kosa ni la nozeli, ukibaki palepale, huenda silinda haibani hewa vya kutosha, na injini ya dizeli, isiyo na plagi za cheche, huwasha mazuti kwa joto la hewa iliyobanwa. Anayeruka hatua hii huishia kununua pistoni kwa kosa la nozeli.

Ringi za pistoni zikishukiwa, si lazima injini ishushwe: kulasi hutolewa juu, bakuli la oili chini, na pistoni husukumwa zitoke kwa juu. Fundi hupitisha ukucha karibu na mdomo wa silinda, akitafuta ukingo uliobaki mahali ambapo ringi hazifiki, kisha huingiza ringi mpya peke yake na kupima mwanya kati ya ncha zake mbili. Mwanya ukizidi kipimo cha mtengenezaji, silinda imepanuka na haina budi kwenda kuchongwa; ringi mpya pekee, hata zikiwa halisi, hazitaziba kitu, na hapo matengenezo ya bei nafuu hufika mwisho wake.

Kinachosahauliwa zaidi ni chanzo. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua ni nadra, na vumbi jekundu la barabara za udongo hupenya popote palipo na ufa, likasaga silinda kama msasa. Kwa hiyo fundi makini hufungua bomba la mpira linalotoka kwenye chujio kwenda kwenye injini, akapitisha kitambaa cheupe ndani yake. Kikitoka chekundu, bomba na vibanio vyake hushughulikiwa kwanza, kabla ringi mpya hazijatolewa kwenye karatasi yake.